Hermann von Wissmann na Ardhi Iliyoitwa Haina Mwenyewe

Watu wengi hudhani ya kuwa sheria ni jambo la mahakimu na mawakili, na kwamba mkulima, akiisha kulipa kodi yake na kukaa vema na jirani zake, hana haja nayo tena. Dhana hiyo si ya kweli. Sheria humfuata mkulima mpaka shambani, na mchungaji humfuata mpaka malishoni, na mara nyingi hutangulia kufika kabla yao. Mtu wa Ikolo, katika tambarare ya Kyela, anapoinua jembe lake karibu na Ziwa Nyasa, analima juu ya ardhi ambayo hukumu yake iliandikwa huko Ulaya miaka 130 hivi iliyopita, na watu ambao hawakupata hata kuuona mgomba wake.

Kwa sababu hiyo twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja ambaye jina lake lilijulikana sana katika nchi hii zamani za Wadachi. Mtu huyo ni Hermann von Wissmann. Wazee wa pwani walimjua kwa vita. Watu wa kaskazini ya Ziwa Nyasa walimjua kwa meli iliyochukua jina lake. Sisi twataka kumtazama kwa jambo la tatu, ambalo halikupiga kelele kama mizinga wala halikutoa moshi kama meli, lakini ndilo lililodumu kuliko yote: sheria ya ardhi iliyoanza kutumika nchini alipokuwa Gavana.

Wissmann alizaliwa tarehe 4 Septemba 1853 katika mji wa Frankfurt ulio kando ya mto Oder, nchini Ujerumani. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya Prussia. Kijana huyo aliingia jeshini, akawa afisa katika mji wa Rostock, na ujana wake haukuwa wa utulivu, maana alipata hata kufungwa ngomeni kwa kosa la kupigana na mwenzake kwa silaha. Huko Rostock alikutana na Paul Pogge, aliyekuwa amekwisha kusafiri Afrika, na maneno ya msafiri huyo yaliugeuza moyo wake. Akaacha gwaride la Rostock, akaanza kujifunza mambo ya safari.

Mwaka 1881 wawili hao walitoka pwani ya magharibi, upande wa Angola, wakaelekea katikati ya bara. Walipofika Nyangwe, kando ya mto Lualaba, Pogge akarudi, naye Wissmann akaendelea na safari kuja mashariki. Akapita Tabora, na mwezi wa Novemba 1882 akatokea Saadani, katika pwani yetu. Hivyo alikuwa amevuka Afrika kutoka bahari mpaka bahari. Baadaye alifanya kazi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika nchi ya mto Kasai, na katika miaka ya 1886 na 1887 akalivuka bara mara ya pili, akipita Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa mpaka Quelimane, pwani ya Msumbiji.

Hatuna budi kusema haki. Safari kama hizo zilihitaji ushujaa na ustahimilivu, wala hatupungukiwi na kitu tukikiri hivyo. Lakini yafaa pia tukumbuke ya kuwa hakusafiri peke yake. Mizigo yake ilibebwa na wapagazi Waafrika, njia alionyeshwa na Waafrika, na chakula alichokula kilitoka katika mashamba ya Waafrika. Nchi aliyoipita ilikuwa na wenyewe kila hatua, na pasipo wenyewe hao angalikufa kwa njaa. Jambo hili tuliweke akilini, maana litatufaa hapo mbele.

Mwaka 1888 watu wa pwani waliinuka kupinga utawala wa Kampuni ya Wajerumani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Saadani. Kampuni ikashindwa, na serikali ya Ujerumani ikamteua Wissmann kuwa Kamishna wa Dola, ikampa fedha na silaha. Aliandika askari wengi Wasudani huko Misri, na wengine kutoka Msumbiji. Mwezi wa Mei 1889 aliivunja ngome ya Abushiri karibu na Bagamoyo. Abushiri akakamatwa baadaye, akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mwaka uliofuata Bwana Heri alisalimu amri, na miji ya kusini, Kilwa, Lindi na Mikindani, ikatwaliwa. Kwa ushindi huo Kaizari alimpandisha Wissmann kuwa miongoni mwa watu wa heshima kubwa, na tangu hapo jina lake likaongezwa neno la kuonyesha cheo hicho.

Wakati huohuo mipaka ilikuwa ikichorwa. Kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi, na upande wa kaskazini ya Ziwa Nyasa wakauchagua mto Songwe kuwa mpaka. Ndugu wa lugha moja na ukoo mmoja, Wanyakyusa huku na Wangonde kule, wakajikuta chini ya bendera mbili. Tena mto Songwe, kama kila mtu wa Kyela ajuavyo, haukai mahali pamoja. Maji yakijaa hutafuta njia mpya, na shamba lililolala upande huu jana huweza kulala upande ule kesho. Watu waliopanga mpaka huo walikuwa na ramani, lakini hawakuwa na habari za masika ya Kyela.

Baada ya vita vya pwani Wissmann aliugeuzia uso wake upande wa maziwa. Huko Ujerumani fedha zilikusanywa kwa bahati nasibu, kwa kusudi lililotangazwa la kupiga vita biashara ya watumwa, na kwa fedha hizo ikanunuliwa meli. Vipande vyake vilipelekwa kwa mito ya Zambezi na Shire, vikabebwa nchi kavu mahali penye maporomoko, kisha vikaungwa. Mwaka 1893 meli hiyo ikaelea katika Ziwa Nyasa, nayo ikaitwa Hermann von Wissmann. Katika pwani ya kaskazini mashariki ya ziwa, chini ya milima ya Livingstone ambayo mtu wa Ikolo huiona kila asubuhi jua linapochomoza, Wajerumani wakajenga boma lao, wakaliita Langenburg. Baadaye makao hayo yalihamishiwa mlimani, mahali tunapopaita leo Tukuyu. Meli ile iliendelea na kazi mpaka tarehe 13 Agosti 1914, ambapo meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia ikiwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, ikaiharibu. Hilo lilikuwa miongoni mwa mapigano ya kwanza kabisa ya Vita vya Kwanza vya Dunia katika maji ya Afrika.

Hapa yafaa tusimame kidogo, tuitazame nchi ambayo meli hiyo iliikuta. Je, ilikuwa nchi tupu? La, hasha. Joseph Thomson, Mwingereza aliyepita upande huo mwaka 1879, aliisifu mno kwa migomba yake, nyumba zake safi na ng'ombe wake walionona. Tambarare ya kaskazini ya ziwa, inayonyweshwa na mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, ilikuwa na watu, mifugo na utaratibu wake wa ardhi. Kwa desturi ya Wanyakyusa, vijana wa rika moja walitoka katika kijiji cha baba zao wangali wadogo, wakaanza kujenga kijiji chao wenyewe pembeni. Wakati ulipowadia palifanywa sherehe iliyoitwa ubusoka, na katika sherehe hiyo baba waliwakabidhi wana wao madaraka ya nchi. Malafyale mpya alisimama, vijiji vikapangwa upya, na ardhi ikagawanywa kwa kizazi kipya. Mambo hayo yalichunguzwa kwa makini na Godfrey na Monica Wilson katika miaka ya 1930, wala si hadithi za kubuni.

Msomaji na aangalie maana ya desturi hiyo. Katika utaratibu kama huo, ardhi isiyolimwa mwaka huu haikuwa ardhi isiyo na mwenyewe. Sehemu moja ilikuwa imepumzishwa ili ipate nguvu. Sehemu ya pili ilikuwa malisho, maana ng'ombe hawezi kula pale pale palipopandwa maharage. Sehemu ya tatu ilifunikwa na maji wakati wa masika, ikawa majani mazuri ya kulishia wakati wa kiangazi. Na sehemu ya nne ilikuwa ikiwangoja watoto ambao bado walikuwa wakichunga ndama za baba zao. Mgeni aliyepita siku moja aliona pori. Mwenyeji aliona akiba.

Mwaka 1895 Wissmann aliteuliwa kuwa Gavana wa Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akaja kukaa Dar es Salaam. Tarehe 26 Novemba mwaka huohuo Kaizari alitia saini amri juu ya ardhi. Amri hiyo ilisema ya kuwa, isipokuwa pale ambapo mtu binafsi, au chama, au mtawala wa kienyeji, au jamii ya wenyeji yaweza kuthibitisha haki yake, ardhi yote ya nchi hii haina mwenyewe, kwa hiyo ni mali ya Dola. Gavana akapewa kazi ya kuitwaa ardhi hiyo, kuipima, na kuigawa kwa kuuza au kwa kukodisha. Siku moja baadaye yakafuata maelekezo ya Kansela, kwamba wenyeji waachiwe ardhi iliyo mara 4 ya ile wanayoilima.

Hatusemi kwamba Wissmann ndiye aliyeitunga amri hiyo peke yake. Ilitoka Berlin, na saini ilikuwa ya Kaizari. Lakini ni serikali yake iliyoanza kuitimiza, na yeye, kuliko maafisa wengi waliokaa Berlin, alikuwa amekwenda kwa miguu katika nchi hizi, akazijua. Alikuwa amekula vyakula vya mashamba hayo, akanywa maziwa ya ng'ombe hao. Mtu aliyevuka bara mara mbili kwa msaada wa wenyeji ndiye aliyepaswa sasa kuisimamia sheria iliyoanza kwa kudhani ya kuwa wenyeji hawapo mpaka wathibitishe kuwa wapo.

Na hapo ndipo ulipo ubaya wa sheria ile. Wengine watasema kuwa mara 4 ya shamba ni kipimo cha ukarimu. Na tupige hesabu. Mtu mwenye migomba na bustani ya maharage nyumbani kwake, ambaye mali yake kubwa ni ng'ombe, atapewa mara 4 ya migomba na maharage. Ng'ombe wake hawamo katika hesabu hiyo. Mtu ambaye mwaka huu amelima kidogo kwa sababu ya vita, njaa au ugonjwa, hupimiwa kwa udogo wa mwaka huo mbaya. Na tusisahau ya kuwa katika miaka hiyohiyo ya 1890 sotoka ilipita katika Afrika ya Mashariki, ikaangamiza makundi makubwa ya ng'ombe. Zizi lililo tupu na malisho yaliyo matupu yalikuwa dalili ya msiba, lakini mbele ya sheria yaliweza kuhesabiwa kuwa dalili ya kwamba ardhi haina mwenyewe. Sheria ile ilimtaka mtu athibitishe haki yake wakati ambapo msiba umemwondolea ushahidi.

Sheria ya pili ya Gavana Wissmann ilihusu wanyama. Tarehe 7 Mei 1896 alitoa amri ya kuhifadhi wanyama wa porini. Tangu hapo uwindaji ukahitaji kibali cha serikali, na maeneo mawili yakatengwa kuwa hifadhi, moja upande wa Rufiji na la pili magharibi ya Kilimanjaro. Katika jambo hili alikuwa wa kwanza katika nchi yetu, na miaka minne baadaye, mwaka 1900, alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Ujerumani katika mkutano wa London uliozungumza juu ya wanyama wa Afrika. Eneo la Rufiji ndilo lililokuwa chanzo cha hifadhi iliyoitwa Selous mwaka 1922, ambayo sehemu yake kubwa ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Kuhifadhi wanyama ni jambo jema, nasi leo twajivunia hifadhi zetu. Lakini sheria huwa nzuri au mbaya kwa namna inavyomgawia kila mtu mzigo wake. Bunduki nyingi zilizokuwa zikiwamaliza tembo zilichochewa na biashara ya pembe iliyokwenda ng'ambo. Lakini amri ilipokuja, aliyeona tofauti nyumbani kwake ni mwanakijiji aliyezoea kuwinda kitoweo kwa desturi, na ambaye shamba lake laweza kuliwa usiku mmoja na viboko au ngiri. Tokea siku hiyo suala la mnyama na shamba halikuwa tena baina ya mnyama na mwenye shamba tu. Serikali ilikuwa imeketi katikati yao, na mpaka leo ingali imeketi.

Wissmann hakukaa sana katika ugavana. Afya yake ilikuwa mbaya, na mwishoni mwa 1896 akaondoka, asirudi tena kutawala. Mwaka uliofuata majeshi ya Wajerumani yalipigana na Wanyakyusa, mikuki ikakabiliana na bunduki, na kodi ya nyumba ikatangazwa katika nchi nzima. Wissmann mwenyewe alinunua shamba kubwa huko Weissenbach, katika milima ya Austria, akaishi huko na mkewe na watoto, akifuga na kuwinda. Ardhi yake hiyo ilikuwa na hati, wala hapana mtu aliyekuja kumwuliza athibitishe ya kuwa analima robo yake. Tarehe 15 Juni 1905 bunduki yake ililia alipokuwa mawindoni, naye akafa hapo akiwa na umri wa miaka 51. Alizikwa katika mji wa Cologne.

Wiki chache tu baada ya kifo chake, mwezi wa Julai 1905, watu wa Matumbi waling'oa mimea ya pamba katika shamba la serikali, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Chanzo chake kimoja kikubwa kilikuwa amri ya kulima pamba kwa lazima katika mashamba ya majumbe, siku ambazo kila mtu alihitajiwa katika shamba lake mwenyewe. Hivyo ndivyo sheria ya shamba isiyomsikiliza mwenye shamba inavyoishia. Mtu huweza kustahimili mengi, lakini jembe lake likishikwa na mwingine, uvumilivu huisha.

Wajerumani walimkumbuka Wissmann kwa sanamu. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia sanamu yake ilisimamishwa Dar es Salaam, naye ameonyeshwa akisimama juu, na askari Mwafrika yuko chini yake. Waingereza walipoitwaa nchi waliing'oa, wakaipeleka London. Mwaka 1922 ikasimamishwa tena Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Lakini mwaka 1967 wanafunzi wa Kijerumani waliiangusha kwa kamba. Ikarudishwa mahali pake, na mwaka 1968 wakaiangusha tena, isisimame tena mahali hapo. Wajukuu wa wale waliomtukuza ndio waliomwangusha, na hilo ni fundisho kwa kila mtu anayedhani ya kuwa shaba hudumu kuliko haki.

Walakini kuangusha sanamu ni kazi ya kamba na usiku mmoja. Kuangusha wazo lililojificha ndani ya sheria ni kazi ya vizazi. Waingereza hawakulitupa wazo la Wajerumani, walilivika nguo nyingine. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilitamka ya kuwa ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma iliyo chini ya Gavana. Mwaka 1928 ikarekebishwa, na haki ya mwenyeji anayekaa juu ya ardhi kwa mila ya kwao ikatajwa ndani yake. Hata hivyo, haki hiyo isiyo na karatasi haikuwa na nguvu mbele ya Gavana aliyetaka ardhi. Ushahidi wake ulionekana Meru mwaka 1951, ambapo watu wapatao 3,000 waliondolewa Engare Nanyuki ili mahali pao pafanywe mashamba ya mifugo ya masetla. Nyumba zilichomwa, na ng'ombe wakaswagwa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa huko New York kuwasemea Wameru. Hakurudishiwa ardhi siku ile, lakini ulimwengu ulisikia, na wananchi wa Tanganyika wakaelewa ya kuwa jambo la shamba moja ni jambo la nchi nzima.

Tambarare ya Kyela haikugeuzwa kuwa mashamba ya masetla kama Usambara au Meru. Baadhi ya watu watasema basi sheria ya 1895 haikuwagusa watu wa Ikolo. Twasema iliwagusa, ila haikuwaumiza siku ileile. Mtu ambaye ardhi yake haikutwaliwa kwa sababu tu hapana aliyeitamani, hakuwa na haki bali alikuwa na bahati. Na bahati haiwezi kurithishwa kwa watoto.

Baada ya Uhuru mambo yalianza kugeuzwa. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa amekwisha kuandika kupinga kuifanya ardhi bidhaa ya kuuzwa milele, na mwaka 1963 hati za kumiliki ardhi milele zilifutwa kwa sheria. Kisha mwaka 1999 zikatungwa sheria mbili, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ambazo zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Humo ardhi imebaki kuwa ya umma, Rais akiwa mdhamini, na haki ya kimila imetamkwa kuwa na uzito uleule wa haki ya hati.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ina jambo moja ambalo twaliona kuwa jibu kwa amri ya 1895. Inaeleza ya kuwa ardhi ambayo wanakijiji wameitumia kwa miaka isiyopungua 12 kabla ya sheria hiyo ni ardhi ya kijiji, hata kama ilikuwa imepumzishwa, hata kama ni malisho, na hata kama ni njia ya kupitisha ng'ombe kwenda malishoni. Yaani akiba ya yule mwenyeji wa zamani, ambayo mgeni aliiona kuwa pori, sasa imepewa jina lake la haki.

Lakini msomaji mwangalifu na aisome pia ile sheria ndugu yake. Sheria ya Ardhi ya mwaka uleule wa 1999, katika kueleza maana ya ardhi ya kawaida, yaani ile inayosimamiwa na serikali kuu, ilitia ndani yake ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Basi hapa pana sheria mbili za mwaka mmoja. Moja yasema malisho na ardhi iliyopumzishwa ni ya kijiji. Nyingine yaacha mlango wazi kwa mtu kusema ya kuwa ardhi isiyotumiwa si ya kijiji. Nani ataamua kwamba ardhi fulani haitumiwi? Ataamua mwezi gani, masika au kiangazi? Maswali hayo ni yaleyale ya 1895, nayo wanasheria wamekwisha kuyazungumza sana. Sisi twaona ya kuwa maneno hayo yafaa kusawazishwa, maana sheria yenye ndimi mbili humfaa mwenye nguvu.

Kuna na jambo la maji. Sheria ya Mazingira ya 2004 ilikataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kusudi lake ni jema, kwani ukingo ukilimwa hubomoka, na maji yakichafuka hapana mtu atakayenusurika. Lakini Ikolo, na vijiji vyote vya tambarare ile, huishi kwa maji na udongo unaoletwa na maji. Kwao mita 60 si mstari wa kuchorwa kwa rula. Mto ukihama, mstari huhama nao, na mkulima aliyekuwa mtu mwema mwaka jana huweza kuwa mkosaji mwaka huu bila kuinua mguu. Sheria ya namna hiyo yahitaji watekelezaji wenye busara, wanaokwenda kuuona mto pamoja na wenyeji kabla ya kutoa amri.

Basi twajifunza nini katika maisha ya Wissmann? Kwanza, twajifunza ya kuwa mtu aweza kuwa shujaa wa safari na bado asielewe alichokiona. Alivuka nchi za watu mara mbili, kisha akasimamia amri iliyoziita hazina wenyewe. Viongozi wetu wa leo, wakubwa kwa wadogo, na wajihadhari na kosa hilo. Haitoshi kupita kijijini kwa motokaa na kuandika ya kuwa eneo fulani ni pori. Shuka, uliza ni ng'ombe wa nani hulishwa hapo mwezi wa Septemba.

Pili, wananchi wenyewe wasikae kimya. Sheria ya 1999 ilisema ya kuwa ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa na eneo lake halizidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Eneo likizidi hapo, mapendekezo ya kijiji ni lazima yasikilizwe kabla Waziri hajaamua. Nguvu hiyo ni kubwa, lakini ni ya wale wanaohudhuria. Mtu asiyekwenda mkutanoni, kisha akalalamika baada ya miti ya mipaka kusimikwa, amejinyima mwenyewe. Kijiji na kipime mipaka yake. Kiandike katika mpango wa matumizi ya ardhi si mashamba tu, bali malisho, njia za ng'ombe, na ardhi waliyowawekea vijana. Lisiloandikwa, msomaji, ndilo linaloitwa halina mwenyewe.

Wazee wa tambarare ile waliwapa vijana wao nchi kwa sherehe, mbele ya watu wote, ili asiwepo wa kukana. Siku hizi sherehe hiyo hufanywa kwa daftari na ramani. Na ifanywe basi, na ifanywe mapema, kabla mgeni mwingine hajaja kwa meli nyingine akatuuliza tuthibitishe ya kuwa tulikuwapo.